Mtoto wa Nyumba Mbili Siku za Noeli



Adventi imeingia. Katika vijiji vingi wanawake wameanza kuweka akiba ya mchele na mafuta, watoto wanajifunza nyimbo za kuimba mbele ya pango, na mafundi wa cherehani hawapati usingizi. Mkatekista amekwisha kuwafundisha maana ya siku hizi: Mwana wa Mungu alizaliwa na Bikira Maria kule Betlehemu, akalazwa katika hori ya kulishia nyama, akalelewa na mama yake na Yozefu mwenye haki. Hayo mmeyasikia, na mtayasikia tena. Leo twataka kusema juu ya jambo lisilosemwa sana kanisani, ingawa jikoni linasemwa kila siku: Noeli ya watu walioachana.

Maana wamo kati yenu. Yuko mwanaume ambaye mke wake alirudi kwa wazazi wake. Watoto wawili wako huko, mmoja yuko huku. Yuko mwanamke aliyefukuzwa na mzigo wake kichwani, akaacha mtoto aliyekuwa bado anajifunza kutembea. Yuko anayeishi peke yake, na yuko aliyekwisha kupata mwenzi mwingine. Siku nyingine za mwaka wanavumilia. Kuna shamba la kulima, kuna nyavu za kushona, kuna muhogo wa kuloweka; kazi hufunika majonzi kama majani yanavyofunika njia isiyopitwa. Lakini sikukuu hufyeka majani hayo yote. Usiku wa Noeli mtu atandika mkeka, ahesabu sahani, aone pengo. Tena ni usiku uleule watu wote wanapoimba habari za mama, baba na mtoto walio pamoja. Si ajabu kwamba wengine wao hawaonekani kanisani siku ile. Jirani husema, Fulani amepoa katika dini. Pengine hakupoa, aliogopa kulia mbele ya watu.

Basi, tusikilize kwanza Maandiko Matakatifu, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21.

Abrahamu alikuwa na wana wawili wa mama wawili. Ismaeli alizaliwa na Hagari, mjakazi kutoka Misri. Isaka alizaliwa na Sara, mke wake, ambaye alikuwa amekaa tasa hata uzee. Isaka alipoachishwa ziwa, Abrahamu akafanya karamu kubwa. Katika furaha ile Sara akamwona mwana wa Hagari akicheka na kucheza, moyo wake ukachafuka. Akamwambia mume wake awafukuze mjakazi yule na mtoto wake, ili mwana wa mjakazi asirithi pamoja na Isaka.

Angalieni vizuri: habari hii ya kuvunjika nyumba imeandikwa mara moja baada ya karamu. Haikuandikwa juu ya njaa, wala vita. Chakula kilikuwa tele, wageni walikuwapo, ngoma pengine zilikuwa zinalia, na ndipo neno la urithi lilipotoka. Kila mzee wa kijiji anajua kwamba mambo ni hayohayo hata leo. Watu wanaoweza kupitana njiani miezi kumi na moja bila kutukanana, mwezi wa Desemba hugombana kwa ajili ya jozi moja ya viatu.

Abrahamu alisikitika sana, maana Ismaeli naye alikuwa mwanawe. Mungu akamwambia asihuzunike, kwa kuwa Yeye mwenyewe atamfanya mtoto yule kuwa taifa. Asubuhi Abrahamu akaamka mapema, akatwaa mkate na kiriba cha maji, akamtwika Hagari begani, akampa na mtoto, akamwacha aende. Mtu huyu alikuwa na kondoo, ng'ombe na watumishi wengi. Mkate na kiriba kimoja ni kidogo. Maandiko hayamhukumu, nasi tusimhukumu. Lakini baba yeyote anayesoma maneno haya aweza kujiuliza alimpa mtoto wake nini siku alipoondoka.

Hagari akatangatanga katika jangwa la Beer-Sheba hata maji yakaisha. Akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali, kadiri ya mwendo wa mshale, asije akamwona akifa. Akalia kwa sauti. Sasa tegeni masikio. Mama ndiye aliyekuwa akilia kwa nguvu, lakini Maandiko yasema kwamba Mungu alisikia sauti ya mtoto. Mtoto hakuandikiwa neno hata moja katika habari ile. Hatujui alisema nini, wala kama alisema. Mungu alimsikia tu. Malaika akamwita mama, akamwambia amwinue mtoto na kumshika mkono. Mungu akamfumbua macho, akaona kisima cha maji, akajaza kiriba na kumnywesha mtoto. Haikuandikwa kwamba kisima kilichimbwa saa ile. Macho ndiyo yaliyofumbuliwa.

Watu wengi huishia hapo. Mkisoma sura nne mbele, sura ya 25, mtakuta Abrahamu amekufa akiwa mzee sana, na waliomzika katika pango la Makpela ni Isaka na Ismaeli, wote wawili pamoja. Mama zao walitenganishwa kwa uchungu. Wana walisimama kwenye kaburi moja. Basi, mzazi asijidanganye na kusema, Watoto wangu hawatajuana na wa mwanamke yule. Watajuana. Ni afazali wajuane mezani kuliko kwenye maziko.

Kwetu kuna neno moja linalotia sumu katika mambo haya, nalo ni neno mali. Mume aliyetoa mali ya ndoa husema: Nilitoa mbuzi, nilitoa feza, kwa hiyo watoto ni wangu, hawatakanyaga kwa mama yao. Ukoo wa mke hujibu kwa njia nyingine. Desturi zetu hazifanani. Kwa Washi na kwa Waluba wa Katanga mtoto ahesabiwa katika ukoo wa baba. Kwa Watabwa na Wahemba ahesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu yake. Mtu wa desturi hii akioana na mtu wa desturi ile, kisha wakaachana, kila upande waona kwamba haki yote ni yake, na kila upande una wazee wa kuutetea. Hatuzarau desturi za wazee. Zilimpa mtoto jina na mahali pa kulala, na hilo si jambo dogo. Lakini mali ya ndoa ilitolewa ili kuunganisha koo mbili. Haikuwa bei ya mtoto. Mtoto haesabiwi pamoja na mbuzi. Katika ubatizo ataitwa kwa jina lake, mwenyewe, wala padri hatamwuliza baba yake alilipa mbuzi wangapi.

Mnaikumbuka hukumu ya mfalme Salomoni, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3. Wanawake wawili waligombania mtoto mmoja mchanga, kila mmoja akisema ni wake. Mfalme akaagiza upanga, mtoto akatwe vipande viwili, kila mmoja apewe nusu. Mmoja akakubali. Mwingine akaomba mtoto asiuawe, apewe yule mwenzake. Kwa neno hilo mfalme akamtambua mama wa kweli. Watu hukumbuka upanga na akili ya mfalme. Mimi nawaomba mkumbuke mwanamke yule kabla ya hukumu kutolewa. Hakujua kwamba mtoto atarudishwa kwake. Alipofungua kinywa alikuwa amekwisha kumpoteza, naye alikubali kumpoteza ili mtoto apate kuishi.

Upanga ule unanolewa katika vijiji vyetu kila mwaka kabla ya Noeli. Hauonekani, lakini unakata. Baba anaponunua suruali mpya na kusema, Utaivaa hapa tu, usiipeleke kwa mama yako, anakata. Mama anapomvalisha mtoto kitambaa kilichochakaa makusudi, ili akifika kwa baba watu wote waone jinsi baba asivyowatunza watoto wake, anakata pia. Wako wanaomtuma mtoto apeleke matusi: Mwambie baba yako hivi, mwulize mama yako, yule mwanaume aliyekuja juzi ni nani. Mtoto wa miaka saba anabeba maneno ambayo mtu mzima angeogopa kuyasema uso kwa uso. Papa Fransisko aliandika jambo hili waziwazi mwaka 2016, katika barua yake juu ya furaha ya upendo katika jamaa: wazazi walioachana wasimshike mtoto kama mateka ili kumwumiza mwenzao. Mateka ni mtu anayekamatwa na adui katika vita. Fikirini ni kitu gani, mtoto kuwa mateka wa mama yake mzazi.

Sasa nataka kuwaambia habari za msichana mmoja wa nchi yetu.

Tarehe 29 Desemba 1939, siku ya nne baada ya Noeli, alizaliwa mtoto wa kike upande wa Wamba, katika nchi ya Uele. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Walipata mabinti sita, na huyu alikuwa wa nne. Mtoto wa kiume hakupatikana. Basi baba, kwa kutamani mwana wa kiume, akamwacha Isude, akaoa mwanamke mwingine. Hamwoni kwamba ni habari mnayoijua? Ni wanawake wangapi katika vijiji vyetu walioachwa kwa sababu hiyohiyo, kana kwamba wao peke yao ndio wanaochagua mtoto awe wa kiume au wa kike? Waganga wa siku hizi wamekwisha kufahamu kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua jambo hilo. Mwanamke aliyefukuzwa kwa ajili ya mabinti amefukuzwa bila kosa.

Mtoto yule aliitwa Anuarite. Alikua akijua kwamba nyumba yao imevunjika na kwamba sababu iliyotajwa ni yeye na dada zake. Huo ni mzigo mzito kwa mtoto. Alipokua, alienda Bafwabaka, akaingia katika shirika la masista wanaoitwa, kwa luga yetu hii, Jamaa Takatifu. Binti wa jamaa iliyovunjika alitafuta mahali pake chini ya jina la Yezu, Maria na Yozefu. Aliweka naziri zake za kwanza tarehe 5 Agosti 1959. Tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, aliuawa kule Isiro na mkubwa mmoja wa askari waasi, kwa kuwa alikataa kuvunja naziri yake. Kabla ya kufa alimsamehe aliyemwua. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, na siku ileile akamsamehe mwuaji mbele ya watu wote.

Moyo wa kusamehe haujengwi katika dakika moja chini ya bunduki. Naona kwamba ulianza kujengwa mapema, katika nyumba ile ya Wamba, na mama aliyeachwa alikuwa na sehemu yake katika kazi hiyo. Isude alikuwa na sababu za kutosha kuwafundisha mabinti wake uchungu. Sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite huangukia tarehe 1 Desemba, wakati ambapo Adventi inaanza au i karibu kuanza. Wazazi walioachana wafanye vema kumwomba awasaidie. Yeye aijua habari hii tangu utoto.

Wengine kati yenu wataniuliza: Padri, mimi niliachana na mwenzangu, je, naweza kubatizwa? Je, niingie kanisani Noeli, au nisimame nje pamoja na wapagani?

Ingia. Mlango wa kanisa haukufungwa kwa ajili yako. Kuachwa si zambi ya mtu aliyeachwa. Katekumeni aliyeachana na mwenzi wake, anayeishi peke yake na kushika mafundisho, hazuiliwi ubatizo kwa sababu hiyo peke yake. Vilevile mkristu aliyebatizwa ambaye mwenzi wake alimwacha, naye amekaa mwaminifu bila kuoa au kuolewa tena, aweza kupokea Ekaristi Takatifu kama wengine wanavyopokea. Watu wengi vijijini hawajui neno hili. Wanawanyima heshima wanawake ambao labda ni waaminifu kuliko wao. Yule anayekaa na mwenzi wa pili, mambo yake ni mengine. Yeye asijihukumu, wala asihukumiwe na majirani penye kisima. Aende kwa padri, aeleze yote tangu mwanzo: ndoa ya kwanza ilifungwa wapi, mbele ya nani, nani alikuwa amebatizwa. Pengine njia ipo, pengine itachukua muda. Tangu tarehe 8 Desemba 2015 Papa Fransisko alifupisha njia ya baraza la askofu la kupima kama ndoa fulani ilikuwa ndoa ya kweli tangu mwanzo. Lakini hata yule ambaye njia yake haijaonekana bado si mtu aliyetupwa. Asikie Misa, asali, alete watoto wake mafundishoni. Papa Yoane Paulo wa Pili aliandika hivyo tangu mwaka 1981.

Na sheria ya Serikali? Kwa kifupi: sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, yasema kwamba ndoa iliyotambuliwa na sheria haivunjwi na mume anayefukuza, wala na wazee wanaorudishiana mbuzi, anayeivunja ni hakimu. Na hakimu akiisha kuamua mtoto akae kwa nani, bado baba ni baba na mama ni mama, na wote wawili wanadaiwa kumtunza.

Kuna neno moja la lazima kabla sijasema juu ya kupanga siku zenyewe. Palipo na kipigo, palipo na ulevi unaotoa panga, palipo na mtu anayemharibu mtoto, hatusemi mtoto apelekwe huko kwa sababu ni Noeli. Eklezia yenyewe inamruhusu mwenzi aliye hatarini kuondoka. Mtoto aliye hatarini alindwe, na mkatekista na mkubwa wa kijiji waambiwe. Wasiotaka kusikia habari hizi kwa sababu ni aibu ya ukoo watajibu mbele ya Mungu.

Penye amani ya kutosha, wazazi wasingojee tarehe 24. Kuulizana siku ile, pombe imekwisha kuiva na hasira pia, ni kutafuta vita. Semeni sasa, katika juma la kwanza au la pili la Adventi. Kama hamwezi kusemezana, tumieni mtu mmoja anayeheshimiwa pande zote mbili: mama mkubwa, mjomba, mkatekista. Awe mmoja, maana wajumbe wakizidi maneno huongezeka njiani. Mtoto mwenyewe asiwe mjumbe.

Siku zenyewe Mungu ametupa nyingi. Noeli haiishi jioni ya tarehe 25. Eklezia yaiadhimisha siku nane hata tarehe 1 Januari, ambayo ni sikukuu ya Maria Mama wa Mungu, na ndiyo Bonane yetu. Dominika iliyo katikati ni ya Jamaa Takatifu. Ikikosekana Dominika katikati, sikukuu hiyo huwa tarehe 30. Kisha huja Epifania, siku ya wale wataalamu wa nyota. Shule zimefungwa. Basi mtoto akila Noeli kwa mama, ale Bonane kwa baba, na mwaka ujao wabadilishe. Mwenye kupata siku ya pili asiseme amepewa makombo. Wale wataalamu walichelewa, na zawadi zao zilipokelewa.

Nguo ni jambo dogo lakini hugombanisha kuliko mambo makubwa. Nashauri hivi: mmoja anunue nguo, mwingine anunue madaftari au viatu, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na vitu vyote viende na mtoto popote aendapo. Baba mwenye duka asimwaibishe mama anayeuza sombe sokoni kwa kumjaza mtoto vitu ambavyo mama hawezi kuvilinganisha. Na baba mvuvi ambaye usiku wa mbalamwezi umemnyima ndagala asikose kumwona mtoto kwa sababu ya aibu ya mikono mitupu. Wengi hawaji kwa sababu hiyo. Mtoto hajui bei ya nyavu. Anajua tu kwamba baba hakuja.

Halafu njia. Desemba ni wakati wa mvua, mito imejaa, madaraja ya miti yanateleza. Mtoto asitumwe peke yake. Mmoja amsindikize hata nusu ya safari, mwingine aje kumpokea. Wakikutana pale wazazi wawili, wasalimiane. Salamu haiwarudishi katika ndoa, wala haiondoi haki ya mtu. Mtoto aliyeona baba na mama yake wakisalimiana penye daraja atalala vizuri usiku ule.

Mke mpya wa baba, ama mume mpya wa mama, naye ana kazi yake. Mtoto wa kambo akifika, asipewe shingo ya kuku wakati wengine wanakula paja. Mwaona nacheka kidogo, lakini kuna watu wazima wenye mvi wanaokumbuka hata leo kipande walichopewa siku ile.

Na wewe utakayebaki peke yako usiku wa Noeli, kwa sababu mwaka huu watoto wako upande wa pili? Usikae ndani na kufunga mlango. Usiende penye pombe kabla ya Misa ukidai kwamba unasahau. Pombe ya sikukuu hukumbusha. Palipo na simu, mpigie mtoto mchana, maneno machache tu, mwulize amevaa nini, mtakie heri, wala usilie katika simu hata aone haya kufurahi. Kisha enda kanisani mapema, ukasaidie kupamba pango. Yule mtoto wa Betlehemu naye hakuzaliwa kwao. Muda mfupi baadaye alichukuliwa usiku kukimbilia Misri kwa sababu ya Herode, na hatujui mkesha upi walikula nini. Baada ya Misa usirudi kwenye nyumba tupu. Mkaribishe mjane jirani yako, ama mzee asiye na watoto, mle pamoja bugali na sombe kama nyama haikupatikana.

Kabla ya kulala, sema fungu moja la Rozari, ukiwataja watoto kwa majina, mmoja mmoja. Kisha mtaje na yule mwenzi aliyekuacha, ama uliyemwacha. Hili litakuwa gumu. Mwaka wa kwanza labda utaweza kutaja jina tu, bila kuongeza neno. Linatosha kwa mwaka wa kwanza.

Siku mtoto atakaporudi, usimkalishe kama shahidi mbele ya hakimu. Usiulize nyumba ya pili ina viti vingapi, mwanamke yule anapikaje, baba alisema nini juu yako. Mtoto atakuwa amechoka, ana matope miguuni, na moyoni ana furaha anayoiogopa kuionyesha, asije akakuumiza. Mpe maji anywe na maji ya kunawa. Akitaka kusimulia jinsi walivyokula kuku na kuimba, msikilize hata mwisho.